Jina Letu Katika Daftari la Wengine



Mwezi huu twapenda kulitafakari neno moja ambalo wengi hulidhani kuwa ni neno la mabenki na makarani tu, wala halilihusu Kanisa. Neno lenyewe ni hili: Je, Mkristo yampasa kulitazama jina lake mara kwa mara katika daftari la wakopaji, yaani katika ile taarifa ya mikopo ambayo siku hizi huwekwa juu ya kila mtu aliyepata kukopa? Au kufanya hivyo ni kujisumbua kwa mambo ya dunia, na dalili ya moyo usiomtegemea Mungu? Wako wanaolijibu swali hili upesi, huyu kwa ndiyo na huyu kwa siyo. Sisi twaona kwamba halijibiwi upesi, kwa maana ndani yake limo swali lililo kubwa kuliko fedha: jina la mtu ni mali ya nani?

Kwanza yafaa tulieleze daftari lenyewe, kwa ajili ya wasiolijua. Katika Kenya kanuni za daftari hili zilitolewa mwaka 2008, zikatengenezwa upya mwaka 2013 na tena mwaka 2020. Katika Tanzania Benki Kuu imeziruhusu kampuni maalum kuifanya kazi iyo hiyo. Mtu akikopa katika benki, au akikopa shilingi mia tano kwa simu ya mkononi usiku wa manane, habari yake huandikwa: amekopa kiasi gani, amelipa lini, amechelewa siku ngapi. Akipitisha siku 90 asilipe, deni lake huhesabiwa kuwa deni baya, na katika Kenya habari hiyo yaweza kukaa daftarini hata miaka 5 tangu deni lilipokwisha lipwa. Baadaye, mtu huyo aendapo kwa mwia mwingine, mwia huyo hautazami uso wake, bali hulifungua daftari. Katika Kenya hata waajiri wengi huwadai vijana cheti cha daftari hilo kabla ya kuwapa kazi.

Nayo si habari ya matajiri. Tangu M-Shwari ilipoanza katika Kenya, mwezi wa Novemba 2012, mkopo umeingia katika nyumba ambazo benki haikupata kuzijua. Wauza mboga, waendesha pikipiki, walimu wa vijijini, wote wana ukurasa wao katika daftari, na wengi hawajui kwamba wanao. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliagiza kwamba habari mbaya za madeni yasiyofika shilingi 1,000 zisipelekwe tena daftarini, na wale waliokwisha andikwa kwa madeni madogo namna hiyo wafutwe. Lilikuwa agizo jema. Lakini tuifikiri maana yake: kabla ya siku hiyo walikuwako watu waliofungiwa mlango wa mkopo kwa deni lisilotosha kununua jozi ya viatu vya shule.

Sasa turudi katika swali letu. Mtu husema "jina langu" kama asemavyo "jembe langu" au "shamba langu". Lakini jembe hukaa nyumbani mwake, na jina hukaa vinywani mwa watu. Tabia yetu ni yetu, nasi twaweza kuitengeneza kwa msaada wa Mungu. Jina letu ni lile ambalo wengine husema juu ya tabia hiyo, nao waweza kusema kweli au uongo, sisi tusiwepo. Zamani, jina lilipokaa kijijini, mwenye jina aliweza kulisikia. Akisingiziwa kwamba hakulipa mbuzi wa watu, maneno yalimfikia kisimani au sokoni, naye aliwaita wazee, shauri likakatwa mchana mbele ya wote. Daftari halina kisima wala soko. Husema juu yako kwa sauti ndogo, katika sikio la mwia, nawe waambiwa tu kwamba mkopo wako haukukubaliwa.

Aliyelianzisha daftari kubwa la namna hii katika Marekani hakuwa mtu mbaya, na habari zake zastahili kukumbukwa. Lewis Tappan alikuwa mfanya biashara ya hariri katika New York pamoja na ndugu yake Arthur. Wote wawili walikuwa watu wa dini, na maadui wakubwa wa utumwa; mwezi wa Julai 1834 wenye ghasia waliivunja nyumba ya Lewis kwa sababu hiyo, wakavitoa vyombo vyake njiani na kuvitia moto. Mwaka 1839, Waafrika waliotekwa walipojikomboa katika meli iitwayo Amistad, na kisha wakafikishwa mbele ya mahakama za Marekani, yeye alikuwa mmoja wa waliosimama kuwapatia watetezi. Biashara ya akina Tappan ilianguka katika msiba wa fedha wa mwaka 1837, maana walikuwa wamewakopesha watu wengi walioshindwa kulipa. Basi mwaka 1841 Lewis akafungua ofisi ya kukusanya habari za wafanya biashara wa nchi nzima. Waliomwandikia walikuwa watu wa miji mbalimbali, wengi wao mawakili; hata Abraham Lincoln, kabla hajawa rais, hutajwa kuwa mmoja wa waandikaji wa ofisi hiyo. Waliandika mali ya mtu na madeni yake, tena kama anywa pombe, kama ni mwaminifu, kama mke wake ana fedha. Vitabu vya ofisi hiyo, zaidi ya 2,500, vimehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Angalieni jambo hili. Mtu aliyechukia kwamba binadamu aandikwe kwa bei kama ng'ombe, ndiye aliyelianzisha daftari la kuuandika uaminifu wa binadamu. Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Hayalingani hata kidogo. Nia yake ilikuwa njema: alitaka waaminifu wajulikane, wasiteseke kwa ajili ya wadanganyifu. Lakini daftari lake lilikuwa na upungufu mmoja uliodumu siku nyingi, nao ni kwamba waliolipa ada walisomewa habari za mtu, na mwenyewe aliyeandikwa hakusomewa. Hata mwaka 1970 ndipo sheria ya Marekani ilipompa mwananchi haki ya kuyajua yaliyoandikwa juu yake na kuyabishia. Toka 1841 mpaka 1970 ni miaka 129. Muda huo wote mtu aliweza kuhukumiwa kwa ushuhuda ambao hakuusikia.

Sisi leo tunayo haki ambayo watu wale hawakuwa nayo. Katika Kenya kila mtu aweza kupata taarifa yake mara moja kwa mwaka bila malipo. Na bado wengi wetu hatuiombi.

Wako wasemao: "Mwaminifu hana haja ya kutazama. Nimelipa madeni yangu, na Mungu ajua." Neno hili lasikika kuwa la imani, lakini halikutazama mbali. Mungu ajua, ndiyo, karani hajui. Karani ajua lile tu aliloletewa. Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilichunguza taarifa za watu 1,001, ikatoa habari zake mwaka 2013, ikaonekana kwamba karibu mtu 1 katika kila 5 alikuwa na kosa lililosahihishwa baada ya yeye kulibishia. Na huku kwetu uko mlango mwingine wa makosa, nao ni ukarimu wetu wenyewe. Mtu humpa binamu yake kitambulisho ili aandikishe namba ya simu, maana binamu amepoteza chake. Binamu hukopa kwa namba ile, kisha huitupa, na deni hubaki kwa jina la mwenye kitambulisho. Hapa hakuna mwizi aliyevunja nyumba. Ulikuwa udugu tu, na udugu hauandikwi daftarini.

Wengine hutoa sababu iliyo nzito zaidi. Bwana wetu, mbele ya Pilato, alinyamaza hata liwali akastaajabu. Kwa nini basi mfuasi wake akimbilie kulitetea jina lake mbele ya watu wa fedha? Twaliheshimu neno hili. Wako watu waliosingiziwa wakanyamaza, na kunyamaza kwao kukahubiri kuliko mahubiri mengi. Lakini Maandiko hayatupi mfano mmoja tu. Paulo katika Filipi alipigwa na kufungwa pasipo hukumu, na wakuu wa mji walipotaka kumwachilia kwa siri alikataa, akataka waje wenyewe kumtoa. Hakuwa mtu wa kujitafutia heshima. Mapigo yake aliyachukua. Twafikiri aliwakumbuka wale atakaowaacha nyuma, nyumba ya Lidia na nyumba ya mlinzi wa gereza, ambao wangebaki katika mji ule wakiitwa wafuasi wa mhalifu. Heshima iliyo yake peke yake mtu aweza kuiacha iende. Ile ambayo wengine wamekaa chini yake kama chini ya mwembe, kuiacha ikatwe ni jambo jingine.

Maana baba wa nyumba ambaye jina lake limeandikwa vibaya hanyimwi yeye tu. Mtoto hukosa ada ya shule, mgonjwa huchelewa kupelekwa hospitali, na chama cha kuweka na kukopa hupoteza mdhamini. Luther, alipoifafanua amri ya nane katika Katekisimo Kubwa, aliihesabu heshima na jina jema kuwa hazina ambayo mtu hawezi kukaa kati ya watu bila kuwa nayo. Sisi tumezoea kuisoma amri hiyo kwa upande wa ulimi wetu, tusimsingizie jirani. Lakini yule karani naye ni jirani. Apelekapo habari isiyo kweli kwa mwia, ashuhudia uongo asijue. Nasi, kama twaweza kumzuia kwa barua moja, tukakaa kimya kwa uvivu, tumeushiriki ushuhuda huo. Ndiyo sababu twajibu kwamba kulitazama daftari ni wajibu, wala si ruhusa tu.

Kwa mtu aliyewadhamini wengine ni wajibu mara mbili. Luther huyo huyo, katika kitabu chake juu ya biashara na riba cha mwaka 1524, aliikemea vikali desturi ya kumdhamini mtu, akiona kwamba mdhamini humtumainia binadamu kwa tumaini lililo haki ya Mungu, na kuiweka rehani kesho ambayo si yake. Hatuwezi kwenda pamoja naye mpaka mwisho wa njia hiyo, kwa kuwa vyama vyetu vya kuweka na kukopa vimejengwa juu ya kudhaminiana, na wengi wamepata nyumba na ng'ombe kwa njia hiyo. Lakini mtu atiaye sahihi yake jioni kwa kumwonea haya rafiki, na asubuhi akasahau, afanya vibaya. Mkopaji akishindwa, mwia humgeukia yeye.

Sasa tunafika mahali pagumu, na tungependa wasomaji wetu wakae hapo kidogo pamoja nasi. Tuseme mtu wa Kenya ameiomba taarifa yake, akaisoma, akaona kosa. Lakini kosa lenyewe ni la kumfaidia. Deni la shilingi 40,000 alilolichukua miaka mitatu iliyopita, asilimalize, limeandikwa kwamba limelipwa lote. Afanyeje?

Wengi watasema anyamaze. Hakudanganya, si yeye aliyeandika, kampuni ni tajiri, tena ilimtoza riba kubwa, na kosa ni la karani wao. Naye ana watoto. Hatuwezi kuwacheka wasemao hivyo, maana katika nyumba nyingi shilingi 40,000 ni chakula cha miezi. Tena limo swali la kweli katika maneno yao: je, mdeni yampasa kumfanyia mwia kazi ya hesabu?

Twaona jibu limo katika sababu iliyompeleka kulitazama daftari. Alikwenda akisema: Nataka kweli iandikwe juu yangu. Kama lingekuwa kosa la kumwumiza, angefika ofisini siku ya pili na stakabadhi mkononi, akidai haki. Sasa akikaa kimya, ameonyesha kwamba alichokitafuta hakikuwa kweli, kilikuwa nafuu. Na siku nyingine atakapolalamika juu ya kosa la kumpunja, neno lake la haki litakuwa tupu, hata kama hakuna mtu alijuaye ila yeye mwenyewe. Torati ilikataza mtu asiwe na mawe mawili ya mizani mfukoni, moja zito na moja jepesi. Ilikataza hata kuwa nayo, si kuyatumia tu. Basi twasema aende. Aseme: Hapa mmekosa, deni langu lingaliko, na kama hawezi kulipa yote, aombe kulipa kidogo kidogo. Neno hili ni gumu. Laweza kumgharimu fedha, na kwa muda laweza kumgharimu hata sura nzuri aliyokuwa nayo daftarini, naye alikuwa amekwenda kuitafuta sura hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo hatulisemi kwa kumkemea mtu, na mchungaji ambaye ataletewa shauri la namna hii asilikate akiwa amesimama mlangoni.

Lakini tusichanganye mambo. Kusamehewa si kuiba. Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango ambao kwa huo wakopeshaji walipunguza angalau nusu ya madeni mabaya ya simu, ili wakopaji wayalipe yaliyosalia hata mwisho wa Mei 2023. Aliyeupokea msaada huo alipewa na mwenye mali, naye aweza kulala usingizi. Kwa upande mwingine, kufutwa kwa habari si kufutwa kwa deni. Katika Marekani habari mbaya nyingi huondolewa daftarini baada ya miaka 7, na wako wanaoishangilia siku hiyo kama siku ya kulipa. Daftari limesahau, mtu aliyezila fedha hajasahau.

Juu ya kiasi cha kutazama, twaona mara moja kwa mwaka yatosha, na tena kabla ya kukopa fedha nyingi, au mtu anapopotewa na kitambulisho chake. Zaidi ya hapo iko hatari. Kampuni nyingine humpa kila mtu alama, kama ile itolewayo Kenya toka 200 hata 900, na wako watu wanaoitazama alama yao kama mgonjwa ajipimaye homa kila saa. Wengine hukopa wasichokihitaji, ili walipe, ili alama ipande. Na huu ni upumbavu. Tena alama ina upofu wake. Mtu ambaye hakukopa maisha yake yote, akila alichokivuna, hana alama. Daftari halimjui, na mkopeshaji humwogopa kuliko mdeni wa siku zote. Mtume aliwaonya Warumi wasiwe na deni kwa mtu, isipokuwa lile la kupendana. Aliyeyashika maneno hayo, akifika benki leo, huonekana kama mgeni asiye na kwao. Hatusemi haya kwa kulidharau daftari, ila kuliweka mahali pake. Lapima malipo. Halina kipimo cha mtu aliyechelewa kulipa kwa sababu alikuwa akimzika mama yake.

Kwa hiyo hatulipendi shauri la wale watakao wachumba waonyeshane taarifa za mikopo kabla ya ndoa. Wachumba waambiane madeni yao kwa vinywa vyao wenyewe. Kama hawawezi hilo, karatasi haitawasaidia. Kwa mtunza hazina wa usharika, ambaye fedha za watu zitapita mikononi mwake, twaona laweza kufaa, akikubali mwenyewe.

Aliye Kenya aiombe taarifa yake kwa mojawapo ya kampuni zilizoruhusiwa na Benki Kuu, akiwa na kitambulisho chake. Na aliye Tanzania afanye vivyo hivyo kwa kampuni za huko. Akiona kosa, awaandikie wenye daftari, na yule mkopeshaji pia, akitia nakala ya stakabadhi, naye atake jibu la maandishi. Stakabadhi za deni lililolipwa zisitupwe hata kama deni limepita miaka mingi; zikae katika sanduku moja na cheti cha ubatizo na cheti cha ndoa. Habari za malipo zilizo katika simu zinakiliwe katika karatasi, pamoja na siku, kiasi na namba ya malipo, kwa kuwa simu huanguka majini na kuibwa. Mzee asiyeweza kusoma aende na mtu amwaminiye, wala asimpe namba yake ya siri. Na huyo atakayemsomea, amsomee mistari yote, ile ya kumdai na ile ya kumsamehe.